Kichwa hakikukua, mwili ndio uliokosa

Bwana Mhariri,

Ninamjibu baba wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ambaye barua yake mliichapa majuma mawili yaliyopita. Aliandika kwamba alinunua sokoni samaki watatu wa aina tunayoiita pale, yaani tilapia, mke wake akawapanga kwenye sahani, nao wote wawili wakashtuka: vichwa vikubwa, macho yamewatoka, migongo imechongoka kama makali ya kisu. Akasema hao ni "samaki wa dawa", kwamba mama wauzaji wanajua wanachowalisha, na kwamba wafukuzwe sokoni.

Mke wangu ni mmoja wa mama hao. Ninalisema mapema ili mtu asije akaligundua baadaye na kudhani nililificha. Juma ile barua ilipotoka alirudi nyumbani na beseni karibu limejaa. Wateja waliinua samaki kwa mkia, wakamtazama kichwa, wakamrudisha. Siku ya Jumamosi mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wa huduma fulani alimwaga beseni la jirani yake kwenye mtaro. Hakupima kitu wala hakuacha karatasi. Yule jirani ni mjane, na samaki wale alikuwa amewachukua kwa mkopo.

Lakini nisingeshika kalamu kwa hasira peke yake. Nilikuwa mpimaji kwenye mabwawa ya samaki kwa miaka 31. Kazi yenyewe ni hii: unamshika samaki, unamlaza kwenye ubao wenye rula, pua yake inagusa kizuizi, unasoma urefu, unamweka kwenye mizani, unasoma uzito, unaandika, unamchukua mwingine. Siku nyingine samaki mia mbili, tatu. Nilipostaafu niliomba niondoke na ubao wangu, wakaniruhusu. Ni wa mti wa mulombwa, umekuwa mweusi kwa maji na ute, na uko jikoni kwetu hapa Katuba. Basi usiku ule beseni liliporudi nililiomba. Mke wangu alisema, "Baba watoto, utapima hadi lini?" Akanisogezea taa.

Baba wa Kampemba hakudanganywa na macho yake. Alichokiona kipo, nami nilikiona katika beseni lile. Ila alikisoma kinyume. Kichwa cha samaki yule hakikukua. Mwili ndio uliokosa.

Pale mzima, aliyekula vizuri, ana mgongo wa mviringo. Ukimkata karibu na pezi la juu unaona nyama imejaa pande zote mbili za mfupa. Urefu wa kichwa chake, kuanzia pua hadi ukingo wa kifuniko cha mashavu anayopumulia, ni karibu theluthi moja ya mwili ukiacha mkia. Sasa akose chakula miezi mitatu, minne. Fuvu ni mfupa, halipungui. Jicho nalo halipungui. Kinachopungua ni nyama ya mgongo, ambayo samaki anaitafuna kutoka ndani ili aendelee kuishi, na tumbo, ambalo linaingia ndani. Ukimtazama unasema: kichwa gani hiki! Sisi tuliolea watoto katika miaka ya njaa tunajua kichwa cha mtoto aliyekonda kinavyoonekana. Hakuna jirani aliyesema tumempa mtoto dawa ya kukuza kichwa.

Kuna hesabu ya zamani ya kupima unono wa samaki, tangu mwanzo wa karne ya 20, ya Mskoti mmoja aitwaye Fulton. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua urefu wa samaki kwa sentimita, uuzidishe wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Chukua uzito kwa gramu, ugawe kwa jibu hilo, kisha uzidishe kwa 100. Pale wa sentimita 20: 20 mara 20 mara 20 ni 8,000. Akiwa na gramu 160, jibu ni 2, na pale mwenye afya huwa karibu na hapo. Akiwa na gramu 100, jibu ni 1.25, na huyo hata bila hesabu mkono wako unakuambia kwamba umeshika ngozi. Samaki wa kwanza niliyemtoa kwenye beseni alikuwa na sentimita 18 na gramu 76. Fanyeni wenyewe: inakuja 1.3. Wa pili na wa tatu walikuwa hapo hapo.

Nikawapasua. Wa kwanza alikuwa jike, na mayai yamekomaa tumboni. Kwa hiyo hakuwa mtoto. Alikuwa mama mtu mzima mwenye mwili wa mtoto. Ndani ya mashavu kulikuwa na utelezi mwekundu wa udongo, ule udongo laini usiotoka kwa kusuuza mara moja. Utumbo ulikuwa na matope na majani machache yaliyooza. Mke wangu alisema mzigo ule ulitoka upande wa mto Lufira, mvua zilipokuwa zimeshaanza.

Hapo niliacha kupima, nikakaa.

Naomba nieleze kwa nini, maana mtu anaweza kudhani samaki mwembamba ni samaki mwembamba tu, basi. Umbo la samaki lina sababu nyingi, na nyingine hazina ubaya wowote. Kwenye mabwawa yetu tulikuwa na pale wa namna ile bila sumu yoyote: bwawa likijaa watoto kupita kiasi, chakula hakitoshi, wanaacha kukua lakini hawaachi kuzaa. Wanazaa wakiwa na urefu wa kiganja. Dawa yake ni kuwapunguza. Tena pale jike wa kwetu anatunza mayai mdomoni, na siku zote anazowatunza watoto haendelei kula kama kawaida; ukimvua wakati huo utamkuta amekonda, na kichwa chake kitakushangaza, na hana kosa lolote. Kwa hiyo mpimaji mwenye akili hachanganyi majike wanaolea na wengine, wala hachanganyi mwezi wa saba, wakati wa baridi, na mwezi wa nne, mafuriko yanapokwisha na samaki wameshiba. Anayepima bila kuandika mwezi amejisumbua bure.

Na maji yenyewe yanachonga mwili. Hili nililifahamu kwa mikono kabla ya kulisoma. Samaki wa maji yanayokimbia anahitaji mwili uliochongoka kama mtumbwi ili mto usimchoshe. Samaki wa maji yaliyotulia anaweza kuwa mpana, mgongo juu, tumbo chini, kwa sababu anageuka-geuka kwenye majani na hapigani na mkondo. Wataalamu wa Marekani wamewalinganisha samaki wadogo wa vijito vya Oklahoma na Mississippi na ndugu zao, aina ile ile, walionaswa nyuma ya kuta zilizojengwa kuzuia mito karne iliyopita. Wale wa nyuma ya ukuta wamekuwa wapana zaidi, na wa Oklahoma wana vichwa vidogo kuliko wa mtoni. Haikuchukua maelfu ya miaka.

Sisi nasi tuna ukuta wetu. Lufira ilikuwa imezuiwa huko Mwadingusha kufikia mwaka 1930 kwa ajili ya umeme wa migodi, na ndipo lilipotokea ziwa Tshangalele. Mto uliokuwa unakimbia ulilala. Mtu anaweza kuniambia: basi, baba, pale wako wamebadilika kwa sababu ya ziwa. Nimelifikiria hilo usiku mzima. Kama utulivu wa maji ndio sababu, ningetegemea samaki mpana mwenye kichwa kidogo. Nilichokiona mezani ni kinyume chake.

Kuna na jambo la hewa. Hili linanigusa kwa sababu linatoka karibu na sisi, Uganda, kwenye msitu wa Kibale. Huko kuna vinamasi vya mafunjo ambamo maji yana hewa kidogo sana, na vijito vya jirani vyenye hewa ya kutosha. Samaki wa aina moja wanaishi kote kuwili, na wale wa kinamasi wana mashavu makubwa zaidi, yaani yale manyoya mekundu wanayopumulia. Wachunguzi walichukua watoto wa mama mmoja, wakawagawa: nusu kwenye maji yenye hewa, nusu kwenye maji yaliyokosa hewa. Waliokosa hewa waliota mashavu makubwa, na kichwa kikabadilika umbo ili mashavu yapate nafasi. Mama mmoja, vichwa viwili tofauti. Kwa hiyo kichwa kikubwa kinaweza kweli kuwa kichwa kikubwa, pale ambapo taka za mji zinaoza mtoni na kula hewa yote. Mtu aliyewahi kupita kando ya mto Lubumbashi mwezi wa kumi, kabla ya mvua, hahitaji kuelezwa harufu hiyo.

Ndiyo maana siku hizi nikimpokea samaki mwenye kichwa cha kushangaza nafanya mambo mawili. Nafungua kifuniko cha mashavu, na napitisha kidole gumba mgongoni. Mashavu makubwa na mgongo uliojaa: maji yake yamekosa hewa, lakini anakula. Mashavu ya kawaida na mgongo wa kisu: ana njaa. Wale wa beseni la mke wangu walikuwa wa njaa.

Nitaongeza mfano mmoja, halafu nitaacha nchi za watu. Huko Uswidi, mwaka 1992, ilichapishwa habari ya samaki wa bwawani wa jamii ya kapu (carp). Akiishi peke yake ni mwembamba. Ukimtia bwawani samaki mkubwa anayemla, baada ya miezi michache anapanuka mgongo kwenda juu hadi mdomo wa adui hauwezi kummeza. Nimeukumbuka mfano huu kwa sababu unaonyesha jinsi samaki anavyoandika kwenye mwili wake kile kilichompata. Hana namna ya kusema. Anakiandika.

Sasa njaa ile ilitoka wapi? Hapa naomba kila mtu anisikilize polepole, kwa maana sitaki kumshitaki mtu kwa kitu ambacho sikukishika mkononi.

Pale anakula utando wa kijani ulio kwenye mawe na majani, na takataka laini zilizotua chini. Samaki wengine wanakula wadudu wanaojificha chini ya mawe. Mvua ikinyesha juu ya ardhi iliyochimbwa, iliyokatwa miti, iliyomwagwa vifusi, udongo unateremka mtoni na kuyafunika mawe yote. Jua halifiki chini, utando wa kijani unakufa. Wadudu wanazikwa. Mayai ya wale wanaotaga chini yanazibwa pumzi. Samaki mwenyewe hajalishwa sumu, ila amefungiwa jiko. Na udongo huo haukuanza jana. Hapa kwetu tanuri la shaba liliwashwa mwaka 1911, na mlima wa masalio yake unauona kila mtu anayeingia mjini. Tumezaliwa tukauona, tukafikiri ni mlima kama milima.

Udongo wa migodi lakini hauji peke yake. Unakuja na shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimiamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamezipima metali hizo katika samaki wa Lufira ya juu na ziwa Tshangalele, na wamezikuta. Profesa Banza Lubaba Nkulu na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba hata mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga una kobalti nyingi mno. Kwa samaki, shaba ikizidi kidogo tu inaua pua yake, anashindwa kunusa chakula na adui, na inaharibu ule mstari wa ubavuni anaotumia kuhisi maji yanavyotikisika. Samaki asiyenusa na asiyehisi atashiba vipi? Kadimiamu yenyewe inaingia kwenye mashavu kwa mlango ule ule wa chokaa (kalsiamu), ikaizuia chokaa isiingie, na mifupa inakosa nguvu. Ndipo unapomwona samaki mgongo umepinda kama herufi S. Maji yenye chokaa nyingi humkinga kiasi. Sisi kwenye mabwawa tulimwaga chokaa, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu. Maji yenye asidi yanafanya kinyume.

Wamarekani walilipa bei kubwa kujifunza jambo hili. Ziwa Belews, North Carolina, lilipokea maji kutoka kwenye majivu ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe miaka ya 1970. Majivu yalikuwa na seleniamu. Katika aina 20 za samaki, 19 zilitoweka. Samaki wakubwa waliweza kuonekana wazima kwa nje, watoto wao ndio waliozaliwa migongo imepinda. Ukitazama sokoni peke yake, ambako wanafika wakubwa, ungesema hakuna neno.

Nimeona migongo iliyopinda mara kadhaa katika maisha yangu ya kazi. Mara moja kwenye bwawa letu wenyewe walitokea wengi kwa pamoja, tukaogopa. Kumbe ni chakula: tulikuwa tunawapa unga uliokaa ghalani muda mrefu, vitamini C imekufa yote. Tulibadilisha chakula, kizazi kilichofuata kikanyooka. Ndiyo sababu nakataa mtu kupiga picha ya samaki mmoja aliyepinda na kutangaza kwamba mgodi fulani umeua mto. Samaki mmoja anaweza kuwa alipigwa na kasia. Samaki 40 katika mia, mwezi baada ya mwezi, sehemu ile ile ya mto, na upande wa juu wa mfereji wa maji machafu ya mgodi hayupo hata mmoja: hapo sasa mnaweza kuniita nitie sahihi.

Kipo kipimo kingine ambacho hakihitaji hata mizani. Pezi la kulia la samaki na pezi la kushoto yanatakiwa kuwa sawa, yana idadi moja ya vijiti. Samaki aliyekua kwa shida, iwe joto, sumu au njaa ya utotoni, mwili wake unakosea kujipanga, na pande mbili zinapishana. Mmoja mmoja hasemi kitu, kwa sababu kila kiumbe kina kasoro. Ukihesabu wengi, kupishana kukiongezeka, mto umekuambia jambo. Mjukuu wangu wa miaka kumi ananihesabia vijiti, macho yake ni mazuri kuliko yangu, naye anadai biskuti kwa kila samaki kumi.

Nyavu nazo zinachonga. Baba yangu alizaliwa Kasenga, kwenye Luapula, na hadi anazeeka hakuacha kusimulia samaki waitwao mpumbu walivyokuwa wakipanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga, maji yakichemka kwa migongo yao. Watu waliwatega humo humo njiani, wakauza samaki na mayai yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 msafara ule ulikuwa umevunjika. Na wavu wa macho unachagua kwa unene: mnene ananaswa, mwembamba anapenya na kwenda kuzaa wembamba wenzake. Kwa hiyo hata wavuvi wana fungu lao, sitawaficha kwa sababu ni ndugu zangu.

Mtaona basi kwa nini namwambia baba wa Kampemba kwamba swali lake ni kubwa kuliko mama wauzaji. Mama hawezi kumkondesha samaki. Anaweza kumloweka maji, anaweza kumficha aliyeoza chini ya aliye mzima, na mimi nikimwona nitamkemea, hata akiwa wangu. Lakini njaa ya miezi minne haiwekwi sokoni.

Nifike kwenye neno langu. Kila mara samaki wakielea wamekufa mtoni, anakuja mtu na chupa. Anachota maji, anaandika tarehe, anaondoka. Baada ya siku nyingi tunaambiwa maji ni mazuri. Huenda ni kweli: maji ya saa ile. Mto unakimbia. Kilichomwagwa saa nane usiku, asubuhi kiko mbali, kinaelekea Kafubu, kinaelekea Luapula. Chupa haikuwepo saa nane usiku. Samaki alikuwepo. Alikuwepo jana, mwezi uliopita na msimu wote wa mvua, na yote yaliyompata yako mgongoni mwake, kwenye mashavu, kwenye mifupa, na kwenye kijiwe kidogo cha sikio ambacho kina pete kama mti. Februari 2025, ng'ambo ya mpaka, Zambia, ukuta wa bwawa la taka za mgodi wa shaba ulibomoka na asidi ikaingia hadi mto Kafue. Siku kama hizo kila mtu anaona, samaki wanaelea. Mimi nasumbuliwa na miaka ambayo hakuna kinachoelea.

Kwa hiyo naomba: anayepewa kazi ya kupima mto apime na samaki. Urefu, uzito, urefu wa kichwa, kimo cha mwili, mgongo umenyooka au umepinda, vijiti vya pezi kulia na kushoto, dume au jike, mwezi, mahali. Juu ya mfereji na chini yake. Afanye hivyo kila mwezi, na matokeo yabandikwe kwenye ukuta wa soko ambapo mama wauzaji wanaweza kuyasoma au kusomewa. Haihitaji mashine kutoka Ulaya. Inahitaji ubao, mizani, daftari, na mtu ambaye atalipwa ili asiache.

Na daftari litunzwe. Hapa ndipo panaponiuma, na nitalisema ingawa ni la zamani. Nilipoanza kazi kulikuwa na rejista za mabwawa na mito ya jirani zilizoandikwa na wapimaji walionitangulia, miaka na miaka. Wa kwanza wao walianza wakati ule ufugaji wa pale ulipokuwa unajaribiwa hapa Katanga, miaka ya 1940 na 1950, na kituo cha mabwawa cha Kipopo kikajulikana hata nje ya nchi. Baada ya uporaji wa 1991 milango ilikuwa wazi, kabati zimebebwa, karatasi zimetawanyika. Siku moja, miezi kadhaa baadaye, nilinunua karanga za kukaanga mtaa wa Kamalondo. Nikala, nikafungua ile karatasi ili niitupe, nikaona safu tatu zilizopigwa kwa rula, wino wa bluu: urefu, uzito, maelezo. Mwandiko niliufahamu. Ulikuwa wa mzee aliyenifundisha kumlaza samaki kwenye ubao, na alikuwa ameshafariki. Nilirudi kwa yule mama wa karanga nikanunua zote alizokuwa nazo, mifuko kumi na tano, kumi na sita hivi. Nilipata kurasa nne za rejista. Nyingine zilikuwa za daftari la shule. Mama alidhani nimepata mgeni.

Katika kurasa hizo nne kuna pale wa mtoni, waliopimwa kabla sijaajiriwa. Nimewapigia hesabu ya Fulton wote. Wengi wako karibu na 2. Ni kurasa nne tu, siwezi kujenga nyumba juu yake, na mtu wa chuo akiniambia hazitoshi nitamkubalia. Lakini nazishika mkono huu, na samaki wa beseni la mke wangu nawashika mkono huu, na sina ukurasa hata mmoja wa miaka iliyo katikati.

Tangu Jumamosi iliyopita nimeanza kukaa na ubao wangu kando ya meza ya mke wangu, soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua linapokuwa kali. Napima bure. Mjane yule aliyemwagiwa beseni amekaa nami, yeye anasoma mizani, mimi naandika. Baba wa Kampemba namkaribisha kwa moyo mweupe, aje ashike samaki kwa mkono wake, nimwonyeshe mgongo na mashavu. Wavuvi wa Kafubu, wa Lufira na wa Kasenga nawaomba jambo moja: mnapotuletea samaki mtuambie mmemvua wapi, kweli, si jina la mahali panapouza vizuri. Na wateja wanaotaka nimpime samaki wao, wamlete na kichwa chake. Wasimkate kabla.

Mpimaji wa samaki mstaafu,
Katuba, Lubumbashi